Mwenye Bima Aje Mwenyewe

Jumanne hiyo Nurudin alifungua bucha saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Akatundika mbuzi wawili na paja la ng'ombe, akaosha meza kwa maji moto, akaanza kuwahudumia wafungaji wa mabunda ya miraa, ambao hununua nyama mapema kabla magari hayajaondoka Laare. Saa nne na robo alikuwa akimkatia mwalimu mmoja nusu kilo ya maini. Akaweka kisu chini, akasema kifua kinambana, akaketi kwenye benchi, akafa. Mwalimu alimlipa Suleiman, shemeji ya marehemu aliyekuwa akisaidia pale dukani, kisha wakafunga mlango pamoja.

Saa kumi alasiri Nurudin alikuwa ameshazikwa. Alioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, na naibu wa chifu, Bwana Riungu, aliandika kibali cha mazishi akiwa amekiegemeza kwenye boneti ya gari. Waislamu wa Laare si wengi, lakini katika jambo hili hawana mchezo: maiti hangoji. Majirani zao Wakristo, ambao humweka maiti mochari wiki mbili wakichanga na kukodi mahema, walikuwa wakimtania Nurudin enzi za uhai wake kwamba haraka hiyo siku moja itawatokea puani. Basi ikawatokea puani.

Jambo lenyewe lilikuwa bima. Miaka mitatu nyuma, ajenti mmoja anayeitwa Gachoki, mtu wa Kanja kule Embu, aliingia bucha akala maini ya kukaanga, akajifuta mdomo na kutoa makaratasi.

"Mzee, wacha nikueleze pole pole," alisema. "Hii si akiba. Unalipa kila mwezi. Ukiishi mpaka msichana amalize kusoma, unarudishiwa kitu kidogo, unakunywa chai. Ukikufa kabla, kampuni inasimama mahali pako. Karo yote, mpaka awe nesi kamili. Hakuna kuomba mtu, hakuna harambee."

"Nikifa kesho?"

"Kesho ni mapema mno. Lakini ukishamaliza miezi sita, hata ukikufa ukikata nyama hapa, hakuna maswali."

Mwanarusi, mkewe, hakuipenda habari hiyo. Alisema bima ni kamari, tena kamari ambayo mtu anashinda kwa kufiwa. Nurudin akamjibu, "Mama Latifah, mimi nauza nyama. Najua kitu kikifa kina bei yake." Akatia sahihi. Tangu siku hiyo alilipa kwa simu kila tarehe tano, hakuruka hata mwezi mmoja, hata wakati ule soko la miraa lilipoanguka na watu wa Laare wakawa wananunua mifupa ya supu.

Alipokufa, Latifah, binti yao wa pekee, alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha wauguzi. Chuo kilikuwa kimesema wazi kwamba asiyemaliza karo kufikia tarehe thelathini, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, hataandikishwa. Hapo hakuna asiyeelewa. Mtu amelipa bima ili mtoto asome, mtu amekufa, mtoto anataka kusoma. Mimi nilidhani hesabu hiyo hata mbuzi anaijua.

Suleiman alitumwa kwenye ofisi ya bima mjini Meru. Alirudi na karatasi yenye masharti kumi na manne. Dai liletwe kabla ya siku tisini. Fomu itiwe sahihi ofisini na mrithi aliyeandikwa au na mwenye bima, si mtu mwingine yeyote. Suleiman hakuwa huyu wala yule, kwa hiyo hakupewa hata kiti.

Mrithi aliyeandikwa alikuwa Mwanarusi, na Mwanarusi alikuwa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani. Sheikh alimwambia kwamba kwa dharura inaruhusiwa kutoka mchana na kurudi kabla ya jua kuzama. Mwanarusi alisikiliza mpaka mwisho, akasema alikaa na mumewe miaka ishirini na sita na hatampunguzia siku hata moja kwa ajili ya fomu. Suleiman akamsihi. Akamwambia siku zinayoyoma. Mwanarusi akasema, "Zikiyoyoma na ziyoyome. Waje wao hapa. Si yeye walimfuata hapa hapa wakala maini?"

Kampuni haikuja. Ilituma ujumbe kwenye simu kumkumbusha marehemu kwamba ni mteja wa thamani.

Jumatatu ya siku ya themanini na tatu, baada ya swala ya alfajiri, Nurudin aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa na udongo mwekundu mabegani na kwenye nyusi. Mwanarusi alimsikia akipangusa miguu, akavuta pazia la chumba haraka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia eda inasemaje kuhusu marehemu mwenyewe. Wakaongea pazia likiwa katikati.

"Suleiman anasema wanataka mwenye bima aje mwenyewe," alisema Nurudin.

"Ndivyo wameandika."

"Basi nipe fomu. Na nguo."

"Nguo zako tumezitoa sadaka, Baba Latifah."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile koti ya kahawia?"

"Hata hiyo. Iko na yule mzee wa kuuza mkaa."

"Ile koti ilikuwa bado nzuri," alisema Nurudin kwa uchungu. Akavaa kanzu na koti la Suleiman, ambalo mikono yake ilimwishia karibu na viwiko, akatoka.

Alipanda gari la miraa la Kirimi, akaketi nyuma juu ya magunia. Kirimi alimpima kwa macho, akaona hana tena uzito wa mtu mzima, akamtoza nusu nauli. Njiani wachumaji waliomfahamu walimpungia mkono wakimsalimu kwa Kimeru, "Muga, Mzee," naye akawaitikia. Mmoja alimwuliza bucha inafunguliwa saa ngapi siku hizi, maana tangu afe nyama inachelewa. Nurudin akaahidi kulizungumza na Suleiman.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabati. Aliyeshughulikia madai alikuwa mwanamke wa heshima anayeitwa Wamuyu. Lazima niseme ukweli, alikuwa mpole. Laiti angalikuwa mkali, mtu angepata pa kushikia hasira.

"Pole sana kwa msiba, Mzee," alisema Wamuyu.

"Ahsante, binti yangu."

"Marehemu ni nani wako?"

"Marehemu ni mimi."

Wamuyu aliandika. "Na mwenye bima?"

"Ni mimi pia."

"Hiyo imetusaidia. Sahihi inafanana kabisa. Watu wengi hukwama hapo." Akapiga muhuri ukurasa wa kwanza, wa pili, na wa tatu. "Kitambulisho?"

"Kilichukuliwa na msajili nilipokufa."

"Ni sawa, hiyo ndiyo sheria." Akapiga muhuri tena. Nurudin akaanza kuona nuru. Alimwona Latifah kwenye chumba cha mtihani, kalamu mkononi. Kisha Wamuyu akafika ukurasa wa nne na mkono wake ukasimama.

"Risiti ya mochari iko wapi?"

"Hatukupitia mochari. Sisi huzika siku hiyo hiyo. Niko na kibali cha naibu wa chifu, kiko hapo."

"Naelewa, Mzee. Hata mimi nina majirani Waislamu. Lakini hii kompyuta haina majirani." Akaigeuza ili aone. Palikuwa na kisanduku chekundu, kitupu. "Bila namba ya risiti haiendi mbele. Mimi mwenyewe nimewaandikia Nairobi mara tatu. Jaribu kwenda mochari, pengine watakusaidia. Mko siku ya themanini na tatu."

Nurudin alitembea mpaka hospitali ya serikali. Mhudumu wa mochari, Njura, alikuwa mlangoni akiosha buti zake za mpira kwa bomba. Alimsikiliza vizuri bila kumkatiza.

"Mzee, mimi kukataa sikatai," alisema Njura. "Lakini kitabu changu kina mahali pa kuandika jina la aliyemleta. Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

"Sasa umeona? Hapo ndipo taabu. Hapa tunapokea wa kutoka wodi na wa kutoka polisi. Wanaokuja kwa miguu wanaenda wagonjwa wa nje."

"Niweke usiku mmoja tu. Nitalala mahali popote."

"Nikikuweka bila faili, kesho mkubwa akija kuhesabu atapata mmoja amezidi. Akizidi mmoja wanasema nimeiba. Akipungua wanasema nimeuza. Nenda wagonjwa wa nje, Mzee wangu."

Kwa wagonjwa wa nje alipanga foleni kwa muda wa saa mbili na nusu kati ya mama mwenye mtoto wa kukohoa na mtu aliyejikata na panga. Kila mtu alimsogelea kidogo kwa sababu siku ilikuwa ya joto na yeye alikuwa baridi. Daktari Ntinyari, ambaye hakuwa amelala tangu jana yake, alimshika mkono akatafuta mapigo ya moyo. Hakuyapata. Akamfunga mashine ya presha mkononi, mashine ikaandika vistari. Akabadilisha betri, ikaandika vistari vile vile.

"Una maumivu mahali?"

"Sina."

"Chakula kinaenda?"

"Sijala siku themanini na tatu."

"Maji unakunywa ya kutosha?"

"Daktari, mimi sikuja kutibiwa. Naomba uniandikie tu kwamba nimekufa."

Daktari Ntinyari alimtazama kwa huruma. "Mzee, hiyo cheti huandikiwa mtu ambaye hawezi kuja kuiomba. Nikiandika, na wewe umeketi hapa unaniangalia, mimi nitafutwa kazi." Akaandika alichoweza kuandika: hana mapigo ya moyo, hana presha, hali yake ni tulivu, arudi baada ya wiki mbili.

Kufikia saa tisa Nurudin alikuwa amerudi ghorofa ya pili. Wamuyu aliisoma ile karatasi mara mbili. Akaenda chumba cha ndani kupiga simu Nairobi, akakaa huko muda mrefu, akarudi amekunja uso.

"Wamesema mambo mawili," alisema. "La kwanza, daktari ameandika hali yako ni tulivu. Hatuwezi kulipa kifo cha mtu aliye tulivu. La pili, kuna njia nyingine. Kama mtu hajaonekana na hajasikika miaka saba, sheria inachukulia amekufa, hapo hatuhitaji mochari."

"Mimi nina siku themanini na tatu."

"Ulikuwa nazo. Leo nimekuona, Mzee. Nimeandika kwa faili saa uliyoingia. Tunaanza kuhesabu upya kesho, ukiondoka."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kumbe hawakuwahi kukata bima. Huku aliyekuwapo ndiye lake halipo.

"Halafu kuna kitu kingine, na naomba usikasirike," akaendelea Wamuyu. "Kwa kuwa mwenye bima ameonekana, kompyuta inauliza malipo ya miezi mitatu yako wapi. Yasipoingia ndani ya siku saba, bima inakufa, na dai linafungwa nayo."

Bima ndiyo ingekufa, na kwa kifo chake haikuhitaji risiti ya mochari.

Nurudin alisimama. Maisha yake yote hakuwahi kumpaazia mteja sauti, hata wale wa kukopa na kuhamia mji wa Maua.

"Tuliandikiana!" alisema, na udongo ukamdondoka mabegani ukaanguka juu ya fomu. "Mimi nilipe, halafu nife, halafu nyinyi mumsomeshe mtoto. Nimelipa. Nimekufa. Kazi yangu nimeimaliza yote! Nyinyi yenu ni moja tu, na hamjaifanya! Mnataka nife namna gani?"

Askari wa mlangoni alikuja kumshika mkono. Alipouona ulivyo baridi akamwachilia, akamwambia, "Pole, Mzee, twende tu pole pole." Wamuyu alipangusa udongo kwenye fomu kwa kiganja, akasema anaelewa kabisa, akampa kalenda ya mwaka ujao yenye picha ya familia inayocheka. Nurudin aliibeba, kwa sababu hakulelewa kukataa zawadi.

Jioni hiyo Suleiman alimpigia simu Gachoki, yule ajenti. Alikuwa Embu, ameshahamia kampuni nyingine. Alisikitika kwa dhati. Alimsifu marehemu kwamba alikuwa hodari wa kulipa. "Lakini mimi huwa nauza tu, ndugu yangu," alisema. "Kulipa ni idara nyingine."

Mwanarusi alilipa ile miezi mitatu kutoka kwa pesa za bucha, nyuma ya pazia, akilia kwa hasira. Kutolipa kungekuwa kuitupa miaka yote mitatu. Aliwaapiza wote, kuanzia aliyetengeneza kompyuta mpaka aliyekaanga yale maini, halafu akakumbuka maini aliyakaanga yeye. Kwa hiyo mume wake akawa mtu wa kwanza katika Laare kulipia bima ya maisha akiwa marehemu, na risiti ilikuja kwenye simu na neno la shukrani.

Suleiman alimshauri shemeji yake arudi alikotoka asionekane tena, angalau ile hesabu ya miaka saba ianze. Nurudin alilifikiria jambo hilo siku nzima. Miaka saba Latifah atakuwa na thelathini, na chuo kilishasema kinangoja mpaka tarehe thelathini ya mwezi huu, hakikusema miaka. "Kama ni kunyimwa," alisema, "nitanyimwa nikiwa hapa." Akabaki. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la bucha, alipofia. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Suleiman alimpa kisu cha kutoa mafuta, na wateja wakaridhika, maana mkono wake ulikuwa bado mwepesi na nyama haikuharibika karibu naye hata jua likiwa kali.

Waliuza mbuzi wengi kuliko kawaida. Walimwuliza mzee wa mkaa kama atanunua mizani ya zamani. Pesa hazikutosha. Tarehe thelathini ilifika, ikapita. Tarehe mbili Latifah alishuka stendi ya Laare na godoro lililofungwa kwa kamba, sanduku la chuma, na sare ya wanafunzi wauguzi aliyoikunja vizuri juu kabisa. Mama yake alitoka mpaka kizingiti cha mlango, asivuke, akamkumbatia hapo. Baba yake aliinuka kwenye benchi la bucha iliyopakana na nyumba, akaanza kuomba msamaha. Latifah alimshika mkono ili amnyamazishe. Kwa mazoea ya miaka mitatu vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye mshipa. Akatazama saa ya ukutani dakika nzima.

"Hakuna kitu, Baba," alisema.

"Wewe unajua," alisema Nurudin. "Umesomea."

Siku iliyofuata Latifah alinunua daftari la miraba. Asubuhi, adhuhuri na jioni alimpima baba yake: mapigo ya moyo, presha, joto la mwili, mboni za macho kwa tochi. Aliandika tarehe, saa, na matokeo kwa mwandiko ulionyooka, namna walivyofundishwa, bila kufuta na bila kuacha nafasi. Alifanya hivyo siku thelathini. Kisha akavaa vizuri, akabeba daftari, akaenda Meru.

Wamuyu alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amevaa miwani. Aliita mwenzake wa meza ya pili aje aone. Walikubaliana kwamba katika kazi yao hawajawahi kuona ushahidi wa kifo ulioandikwa vizuri namna ile. Wamuyu alipiga simu Nairobi mbele ya Latifah, na Nairobi, kwa mara ya kwanza, ilisema ndiyo. Taarifa ya muuguzi ya siku thelathini mfululizo inaweza kuchukua mahali pa risiti ya mochari.

Latifah akakaa wima kwenye kiti.

"Imebaki kitu kidogo tu," alisema Wamuyu, akageuza ukurasa wa mwisho akauelekeza kwake. "Hapa chini. Andika namba yako ya usajili."

"Sina namba. Namba hutolewa mtu akipita mtihani wa mwisho."

"Na mtihani ni lini?"

"Umeanza Jumatatu. Sikuandikishwa. Karo haikulipwa."

Wamuyu alivua miwani. Ilionekana wazi kwamba alielewa, alielewa kila kitu mpaka mwisho. Akalifunga daftari taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Basi mama, maliza masomo kwanza," alisema kwa upole. "Ukimaliza tu, ulete. Tutalipa karo."